Wakati Mama Anakaa Eda

Mwezi ule wa mwisho nilikuwa nalala kwa vipande. Nikilala ubavu wa kushoto, kama muuguzi wa kliniki alivyoniagiza, nyonga inawaka moto. Nikigeukia wa kulia, mtoto anapiga mateke kama mpangaji aliyecheleweshewa kufunguliwa mlango. Chali nilikatazwa, na kifudifudi nilikuwa nimeshasahau kukoje. Miguu ilivimba mpaka ndala za mume wangu zikawa ndizo zangu, na yeye akawa anakwenda gereji amevaa raba hata siku za joto kali. Hakulalamika, maana alikuwa ameshajifunza kwamba mwezi ule neno lolote kutoka kwake lilikuwa la hatari.

Tulikuwa tunaishi Ilembo, pale Mpanda mjini, nyumba ya vyumba viwili yenye uwanja mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Kiangazi kilikuwa kinakaribia kwisha. Vumbi jekundu lilikaa juu ya kila kitu, na mawingu yalikuwa yakija kila alasiri kutuchungulia, kisha yanakwenda zao. Mimba ilikuwa ya kwanza. Na mimi, mwanamke mzima, mwenye mume, mwenye kibanda cha kushonea nguo sokoni, mwenye mdomo unaojulikana mtaa mzima, nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani: mama yangu.

Mama alikuwa Karema, kule ziwani, na hakuweza kuja.

Kwetu mimba ya kwanza ni ya mama. Ama binti anarudi kwao tumbo likishakuwa zito, ama mama anafunga mizigo anamfuata. Mama ndiye anayemwambia binti alale vipi, ale nini, asiogope nini. Ndiye anayemkanda mgongo, na mtoto akishatoka ndiye anayemfunga tumbo na kumwogesha maji ya moto mpaka anapiga kelele. Nilikuwa nimeyaona hayo yote kwa dada zangu wa ukoo. Niliona jinsi mama alivyokuwa akiingia katika nyumba ya mzazi na kuiteka: sufuria hii hapa, mwanaume toka nje, wewe lala. Nikawa nasubiri zamu yangu kwa wivu hata kabla sijaolewa.

Halafu baba akafariki. Kiangazi ndiyo kwanza kinakolea, na tumbo langu limeshaanza kunitangulia mlangoni. Simu ilinikuta kwenye cherehani. Nilifunga kibanda, nikaenda nyumbani kupanga nguo kwenye begi, na kabla sijafunga zipu wazee wa upande wa baba wakapiga: mjamzito haingii nyumba yenye maiti, abaki huko huko. Muuguzi naye, ambaye hakuwa na habari na mambo ya maiti, akasema presha yangu na ile barabara ya ziwani haviwezi kwenda pamoja. Kwa hiyo mila na hospitali, ambazo huwa hazikubaliani hata juu ya mjamzito kula mayai, zilikubaliana juu yangu. Baba alizikwa mimi nikiwa nimekaa kwenye kigoda uwanjani Ilembo, simu mkononi, nasikiliza upepo wa makaburini kwenye simu ya binamu yangu.

Sikumwona baba. Lakini kilichoniuma zaidi, na hili sikumwambia mtu wakati ule, ni kwamba sikumwona mama akiwa amefiwa. Mwaka mzima nilikuwa sijakanyaga kwetu. Kichwani mwangu mama alikuwa bado yule yule niliyemwacha: mnene, mwenye sauti, mwenye kanga iliyofungwa kifuani kwa fundo ambalo hakuna mtu angeweza kulifungua.

Na sasa alikuwa anakaa eda. Mjane wa Kiislamu anatulia nyumbani miezi minne na siku kumi. Hasafiri, hajipambi, hajifukizi udi. Nilipopiga hesabu niliona kwamba mtoto angefika kwanza, na eda ya mama ingeisha baadaye sana. Nilipiga tena, nikitumaini kwamba nilikosea. Sikuwa nimekosea.

"Mama, njoo," nilimwambia siku moja kwenye simu, waziwazi, kama mtoto anayeomba nyonyo.

Nyumbani kwetu mtandao unashika sehemu moja tu, nyuma ya jiko, karibu na banda la kuku. Kwa hiyo kila maneno yetu yalikuwa na kuku ndani yake. Nilisikia kuku, kisha nikamsikia mama anavuta pumzi.

"Mwanangu, nikija sasa hivi nitakuwa nimemwacha baba yako njiani," alisema. "Nivumilie. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Ugali na matembele."

"Samaki je?"

"Samaki wanafika huku wamechoka, mama."

Akacheka kidogo. Kile kicheko kidogo kilinifanya nizime simu na kulala kitandani mchana kweupe, ubavu wa kushoto, kama nilivyoagizwa.

Aliyekuja badala yake ni mama mkwe. Alitoka Litapunga, tumbaku yao ikiwa imeshauzwa na shamba likiwa linasubiri mvua, akiwa na mfuko wa karanga, kuku wawili na rozari shingoni. Mume wangu alisilimu ili anioe. Mama yake alibaki na dini yake, na tulikuwa tumezoea, kila mtu na yake. Ila habari ya eda haikumwingia hata kidogo.

"Sasa kwani akija atakamatwa?" aliniuliza siku ya kwanza, huku akimenya karanga.

"Hakamatwi, mama. Ni dini."

"Mimi nilifiwa na mume Jumatatu, wiki iliyofuata niko shambani."

"Ndiyo, mama."

"Nasema tu."

Alikuwa mtu wa kusema tu. Lakini sitamsingizia: alinitunza. Alipoona ninavyopinduka usiku, alikwenda kutafuta sufi, akashona mto mrefu kama gunia jembamba, nusu ukalishikilia tumbo na nusu ukaingia katikati ya magoti. Usiku ule nililala usingizi wa mfululizo kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Alinifunga kitenge chini ya tumbo, kikapita nyuma kiunoni, na ule uzito uliokuwa ukivuta mgongo ukapungua. Jioni alinipindulia ndoo, akaweka kanga juu yake, akaniamuru niinue miguu. Asubuhi uji wa ulezi wenye karanga, mchana mboga za majani, na vile vidonge vya damu alinisimamia mpaka nimeze. Siku aliponikuta natafuna udongo, ule wa vipande unaouzwa sokoni, alinitoa kipande mdomoni kwa vidole vyake mwenyewe.

"Damu haipo, halafu unakula ukuta," alisema.

Nilipaswa kumshukuru, na mdomoni nilimshukuru. Ila moyoni nilikuwa namwonea kijicho kwa niaba ya mama. Kila alipofanya jambo vizuri nilikuwa najiambia mama angelifanya hivi, na si hivi. Mto wa sufi? Mama angeujaza kwa kukaza zaidi. Uji? Mama angetia ndimu. Nilikuwa na mama mwingine kabisa kichwani, aliyekamilika, ambaye hakuwahi kukosea hata kwenye chumvi.

Mambo ya hospitali tulishayaandaa. Beseni, ndoo yenye kifuniko, nailoni ya kulalia, glavu, pamba, nyembe, uzi wa kitovu, vyote vilikaa kwenye begi nyuma ya mlango. Hivyo ni vya hospitali, havina neno. Nguo za mtoto ndiyo jambo lingine. Kwao Litapunga na kwetu Karema, katika hilo tulikuwa kitu kimoja: mtoto ambaye hajafika hanunuliwi nguo. Ukimnunulia ni kama unamtangaza kwa wasiompenda. Anapokewa kwa nguo kuukuu, na nguo kuukuu zinatoka kwa bibi yake mzaa mama. Kanga za bibi, zilizofuliwa miaka na miaka mpaka zimekuwa laini kama utando wa maziwa, zinachanwa nepi na vitambaa vya kumzongea.

Hapo ndipo mama alipopata njia ya kuja.

"Nimekutolea kanga zangu sandukuni," aliniambia, kuku wakipiga kelele. "Zile za zamani. Ziko safi, zimekaa tu. Nimempa kondakta, kesho kutwa mfuko utakuwa Mpanda."

Nalijua lile sanduku. Lilikaa chini ya kitanda chao. Mama alikuwa akiweka humo kanga zake pamoja na kipande cha udi kilichofungwa kwenye kitambaa, na juu ya kanga baba alikuwa akilaza koti lake la safari. Baba alikuwa akifanya biashara ya dagaa na migebuka ya kukausha, na koti lile lilikuwa na dagaa, moshi, tumbaku na mvua zote alizowahi kunyeshewa. Ukifungua sanduku, harufu ilikuwa inatoka kama mtu anayekuja kukusalimia. Na kanga hizo mama alikuwa amezivaa kabla ya msiba, kabla ya eda, nyumba ikiwa bado ina watu wawili.

Niseme ukweli, nilizisubiri kanga zile kuliko nilivyokuwa namsubiri mtoto. Mtoto sikumjua. Nilikuwa nimeshapanga yote: moja sitaichana, nitaiweka chini ya shavu nikilala. Nyingine nitaingia nayo leba, nitaing'ata ikibidi. Ikiwa mama hawezi kutoka Karema, basi angalau harufu yake haikai eda.

Siku ya mfuko ilikuwa siku ya kliniki. Foleni ilikuwa ndefu. Muuguzi alinipima presha, akanipima tena, akanishika miguu na kubonyeza kwa kidole kuangalia shimo linavyochelewa kujaa. Alisema ni muda wowote sasa. Nilitembea kurudi nyumbani pole pole kwenye vivuli, mkono kiunoni, nikijua kwamba mume wangu alikuwa ameshapita kuuchukua mfuko asubuhi na kuupeleka nyumbani. Nilikuwa na furaha. Naikumbuka vizuri ile furaha kwa sababu niliibeba njia nzima.

Nilipoingia uwanjani nikaziona. Zilikuwa juu ya kamba, toka nguzo hadi nguzo, zinachuruzika maji. Ile ya kijani, ile nyekundu yenye korosho pembeni, ile ya kahawia iliyopauka ambayo mama alikuwa akiivaa akipika. Mama mkwe alikuwa amesimama katikati yake, mikono imelowa mpaka viwikoni, uso unang'aa.

"Umerudi! Angalia kazi," alisema. "Nimefungua mfuko, nikakuta zinanuka dagaa na moshi, nikasema la, mjukuu wangu hazongewi na hii. Nimezichemsha kwanza kwenye lile sufuria kubwa, nikafua, nikasuuza maji matatu. Zikikauka nazipiga pasi zote, maana nzi wa huku wanatagia kwenye nguo."

Nilikwenda kwenye kamba, nikashika ile ya kahawia, nikaiweka usoni. Sabuni. Nikashika nyekundu. Sabuni. Nikashika ya kijani, nikaibana puani kwa mikono miwili, nikavuta mpaka mtoto akageuka tumboni. Sabuni na jua.

"Umemfua mama yangu," nikasema.

"Nini?"

"Umemfua mama! Umemfua na baba yangu!"

Sauti niliyoitoa sikuijua. Vichwa vya majirani viliota juu ya uzio wa minyaa. Mama mkwe aliniangalia usoni, kisha tumboni, na nikaona anavyotafuta maelezo pale anapoyajua.

"Tumbo limeanza?"

"Halijaanza! Niache!"

Nilikaa chini, pale pale chini ya kamba, kwenye tope dogo lililotengenezwa na maji ya kanga, na kanga zikanidondokea kichwani na mabegani. Nililia kwa sauti. Nilimlilia baba, ambaye sikuwa nimemlilia vizuri, kwa sababu kila nilipoanza kulia kuna mtu aliniambia ninyamaze, mtoto atakuwa na huzuni. Nililia mpaka nikaanza kuona aibu, kisha nikaendelea na aibu yangu. Mama mkwe alisimama pembeni ameshika ndoo. Hakusema tu. Safari hii hakusema kitu chochote.

Zilipokauka alizipiga pasi ya mkaa moja moja, polepole, kama mtu anayepiga pasi nguo za maaskofu. Jioni aliniwekea chakula, akaondoka. Mume wangu alirudi, akatazama huku akatazama kule, akala haraka na kwenda kukaa nje.

Kesho yake nilikuwa nimejilaza chumbani nikamsikia nje ya dirisha. Alikuwa ameomba simu ya mwanawe. Alikuwa anaongea na simu kwa sauti kubwa, kama wanavyoongea wale wanaoamini kwamba Karema ni mbali na sauti inabidi ifike yenyewe.

"Haloo? Haloo, mama! Ni mimi, mama yake na kijana. Litapunga, ndiyo. Nyie hamjambo huko? Poleni tena na msiba. Mwenzio nimeharibu. Zile nguo nimezifua. Ndiyo. Zote. Na maji ya moto." Akasikiliza. "Analia, mama. Anasema nimekufua wewe."

Halafu nikasikia mama mkwe anacheka, kwanza kidogo, kisha sana, na nikajua kwamba upande wa pili, nyuma ya jiko letu, mama naye alikuwa anacheka. Walikuwa hawajaongea tangu harusi yetu. Sasa wananicheka mimi. Nilikasirika mno, na wakati huo huo nilitega sikio nisikose hata neno.

"Enhe," mama mkwe alikuwa anasema. "Enhe. Unyayo? Kwa kidole gumba? Enhe. Toka kisigino. Na mgongo je? Subiri, pole pole, nishike vizuri. Enhe."

Alasiri aliingia na beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi na kikopo cha mafuta ya mgando. Hakuomba ruhusa. Alikaa kwenye mkeka, akauchukua mguu wangu, akauweka kwenye paja lake, akaanza kuupitishia kidole gumba kutoka kisigino kuja mbele, kisha akakunja vidole vyangu na kuvikunjua. Mama ndivyo alivyokuwa akinifanyia nilipokuwa mdogo na homa. Ndivyo hasa, hatua kwa hatua, bila kuruka. Nilifumba macho.

Ila mikono ilikuwa mingine. Mikono ya mama mkwe ilikuwa ya jembe na ya kufunga tumbaku, ina makovu na kona. Alikuwa anafanya kila kitu sawasawa, na kila alivyozidi kupatia ndivyo nilivyozidi kuisikia ile tofauti. Nilijifanya nimelala. Machozi yakawa yanaingia masikioni. Nadhani aliyaona, kwa sababu alibadilisha mguu taratibu sana.

"Mama yako kasema ukifanyiwa hivi unalala," alinong'ona. "Basi lala."

Chupa ilipasuka asubuhi moja nikiwa nimeinama kufagia uwanja, kazi niliyokuwa nimekatazwa. Mama mkwe alibeba begi, mume wangu akatafuta bajaji, na mchana jua likiwa juu nilikuwa nimeshajifungua mtoto wa kike, mwenye nywele nyingi na sauti ya watu wa kwetu. Leba niliingia peke yangu. Nilimwita mama mara nyingi sana mle ndani. Muuguzi alisema wote wanamwita, nisione aibu.

Mama mkwe alikuwa nje kwenye benchi na simu. Baadaye alinisimulia, na mlinzi pia alinisimulia, huku akilalamika. Alipopewa habari alimpigia mama hapo hapo. Mama alimshukuru Mungu, akauliza kama nimechanika, akauliza mtoto ana nywele. Kisha akasema, "Mwenzangu, mimi niko eda, siwezi kupiga kigelegele. Nipigie na changu." Mama mkwe akasimama katikati ya uwanja wa hospitali, rozari shingoni, akapiga kigelegele cha kwanza. Mlinzi akaja mbio kumnyamazisha. Akamwambia, "Hicho kilikuwa changu, bado cha mwenzangu," akapiga cha pili, kirefu kuliko cha kwanza.

Mtoto alizongwa kanga ya kahawia. Mama mkwe alinikanda kwa maji ya moto mpaka nikapiga kelele, alinifunga tumbo, alinipikia mtori na uji wenye pilipili manga, na kila alipokwama alipiga simu kule nyuma ya jiko. Mvua zilipoanza alirudi Litapunga kuwahi kupanda mahindi. Nikabaki na mtoto na mume wangu, tunahesabu mpaka eda iishe. Nilijiambia kwamba bado sijachelewa. Mama akija nitalala. Mama akija nitamkabidhi mtoto, nitamkabidhi nyumba, nitamkabidhi na miguu yangu, nitakuwa binti hata kwa wiki mbili.

Eda iliisha mvua zikiwa zimeshaharibu barabara, na gari alilopanda mama lilikwama njiani, kwa hiyo alifika siku ya pili yake, mchana, ananyeshewa. Nilitoka mbio na mtoto begani. Aliyeshuka kwenye bajaji alikuwa mwanamke mwembamba aliyevaa gauni lisilo na rangi na kushika mfuko mdogo kwa mikono miwili. Kwa muda mfupi, mfupi sana, nilikuwa natazama nyuma yake kuona mama anashukaje.

Alimshika mtoto vizuri. Alimwombea dua, akamwangalia vidole, akasema pua ni ya marehemu. Kisha akakaa kwenye mkeka, akaegemea ukuta, akaniuliza, "Nifanye nini, mwanangu?"

Mama yangu. Yule wa sufuria hii hapa, mwanaume toka nje. Nilimwambia apumzike kwanza. Akalala pale pale, mfuko bado uko mapajani, na akalala mpaka jioni. Siku zilizofuata alikuwa ananiuliza chumvi iko wapi na akiambiwa anasahau. Nilipomwomba anikande mgongo, alianza, mikono ikiwa ile ile niliyoikumbuka, laini, ya moto, inajua pa kwenda. Halafu ikasimama. Nilisubiri. Nilipogeuka nilimkuta ameikunja mapajani, anaiangalia, na uso wote umelowa. Hakuna mtu aliyekuwa amemgusa tangu baba afe, aliniambia. Watu walimpa mkono wa pole tu. Nikakaa, nikamvuta, nikamlaza kichwa mapajani kwangu, mahali ambapo saa nyingine hulala mtoto.

Hakurudi tena Karema. Yuko nasi mpaka leo, na ananisaidia sana, watu wote wananipongeza kwamba nimebahatika, mama yupo karibu. Ni kweli. Lakini yule niliyemsubiri mwezi ule wa mwisho, nikiwa ubavu wa kushoto, hakuja, na bado nina hamu naye. Jana nilikuwa jikoni nikamwita, "Mama!" Zamani, nilipokuwa nikimwita hivyo, alikuwa akijibu kwa ukali kutoka popote alipo, "Unataka nini tena wewe?" Abee alimwitikia baba peke yake.

"Mama!" niliita tena.

"Abee," akaitika.